Namba Hujulikana kwa Vigawo Vyake

Jioni hii nakuletea namba moja tu. Kama kalamu iko karibu, iandike: 2,147,483,647. Kwa maneno ni bilioni mbili, milioni mia moja arobaini na saba, laki nne na elfu themanini na tatu, mia sita arobaini na saba. Wanaoandika programu za kompyuta wanaijua kwa moyo, kwa sababu kwao ni ukomo. Kompyuta ikitengewa biti 32 za kuhifadhi namba nzima, biti moja huchukuliwa kuonyesha kama namba ni chanya au hasi. Zinazobaki ni 31, na namba kubwa kuliko zote inayoweza kuingia humo ni hii. Mwishoni mwa mwaka 2014 YouTube walilazimika kupanua kihesabio chao cha watazamaji kwa sababu ya wimbo mmoja, Gangnam Style wa Psy wa Korea Kusini, uliokuwa unaivuka namba hiyo. Mifumo mingi ya kompyuta nayo huhesabu muda kwa sekunde tangu tarehe 1 Januari 1970, na ile inayotumia biti 32 itaifikia namba hii siku ya Jumanne, tarehe 19 Januari 2038, saa kumi na mbili na dakika 14 na sekunde saba asubuhi kwa saa zetu za Afrika Mashariki. Sekunde inayofuata, mfumo ambao haukurekebishwa utadhani uko Desemba 1901.

Kwa hiyo namba hii ikitajwa, hutajwa kwa ukubwa wake: ndiyo mwisho, haivukwi. Mimi leo natetea jambo jingine. Ukubwa ndio habari ndogo kuliko zote kuhusu namba hii. Habari kubwa ni kwamba namba yenyewe ni ya aina gani. Tangu enzi za Wagiriki wanahisabati wamekuwa wakizipanga namba katika makundi, na watu wengi wenye akili timamu wameuona upangaji huo kuwa burudani ya watu wenye nafasi. Nadhani wamekosea. Kundi lililothibitishwa hukuambia namba itafanya nini kabla hujaishughulisha kwa kazi yoyote, na ukubwa wake hauwezi kukuambia hivyo.

Tuiweke namba yetu kati ya majirani zake wawili, 2,147,483,646 na 2,147,483,648. Kwa ukubwa hawa watatu ni kitu kimoja. Mfanyabiashara anayedaiwa shilingi bilioni mbili na ushei hatagombana na mtu kwa shilingi moja. Sasa tuwapasue tuone ndani. Wa kwanza, anayeishia na 46, ni 2 mara 3 mara 3 mara 7 mara 11 mara 31 mara 151 mara 331. Zidisha uone. Kutokana na vipande hivyo ana vigawo 192, yaani namba 192 tofauti zinamgawa bila kubakiza kitu. Wa tatu, anayeishia na 48, ameundwa kwa 2 peke yake, zikizidishwa mara 31. Vigawo vyake ni 32. Katikati imesimama namba yetu, na yenyewe ina vigawo viwili tu: 1 na yenyewe. Ni namba tasa. Namba tatu zinazofuatana, tofauti yake ni moja moja, na undani wake haufanani hata kidogo. Mtu anayeziona kwa ukubwa pekee hana njia ya kuhisi kwamba amevuka kutoka namba yenye vigawo 192 hadi isiyogawanyika kabisa kwa hatua moja.

Wagiriki waliuliza swali la pili, na jibu lake ni zuri zaidi. Nikomako wa Gerasa, mji ulio katika Jordan ya leo, aliandika kiasi cha mwaka 100 baada ya Kristo kwamba namba zigawanywe kwa kuangalia jumla ya vigawo vyake, ukiacha namba yenyewe. Jumla ikipungua, namba ni pungufu. Ikizidi, ni zidifu. Ikilingana, ni timilifu. Sita ni timilifu, maana 1 na 2 na 3 ni 6. Ishirini na nane pia ni timilifu. Pima sasa majirani wetu. Yule wa 46 ni zidifu kwa kiasi kikubwa: vigawo vyake vinafika jumla ya 3,898,507,266. Namba yetu ni pungufu kwa kadiri inavyowezekana, maana kigawo chake ukiiacha yenyewe ni 1 tu. Na yule wa 48? Jumla ya vigawo vyake ni 2,147,483,647 kamili, namba yetu yenyewe. Amekosa kuwa timilifu kwa moja. Tena ukichukua nusu ya jirani huyo, yaani 1,073,741,824, ukaizidisha kwa namba yetu, unapata 2,305,843,008,139,952,128, na hiyo ni timilifu. Euklide alikuwa ameshathibitisha, zaidi ya miaka elfu mbili iliyopita, kwamba itakuwa hivyo kila mara: zidisha 2 kwa yenyewe mara kadhaa, toa 1, na kama kilichobaki ni tasa, hapo kuna namba timilifu. Kitabu cha Nikomako kilitafsiriwa kwa Kiarabu mjini Baghdad na Thabit ibn Qurra katika karne ya 9, na katika karne ya 13 Ibn Fallus wa Misri akaorodhesha namba kumi alizoziona kuwa timilifu. Saba za kwanza ni sahihi. Tatu za mwisho si sahihi. Timilifu ya nane kwa ukweli ni ile inayotokana na namba yetu, na haikujulikana kwa hakika mpaka karne ya 18.

Kilichochukua muda hivyo hakikuwa uvivu. Kudhani kwamba namba ni tasa ni kazi nyepesi, na watu walidhani mapema. Pietro Cataldi wa Bologna, katika kitabu kilichochapwa mwaka 1603, alisema kwamba ukizidisha 2 kwa yenyewe mara 23, au mara 29, au mara 31, au mara 37, kisha ukatoa 1, unapata namba tasa kila safari. Kati ya nne hizo amepata moja tu, ya 31. Pierre de Fermat aliibomoa ya 23 na ya 37 mwaka 1640, na Leonhard Euler akaibomoa ya 29 katika karne iliyofuata. Mtawa wa Ufaransa, Marin Mersenne, ambaye namba za umbo hili zimepewa jina lake, alitoa orodha yake mwaka 1644: akaiweka 31 humo, akaingiza pia 67 na 257 ambazo hazikustahili, akaziacha 61, 89 na 107 zilizostahili. Naliona hili kuwa jambo la msingi. Cataldi na Mersenne walisema kweli kuhusu 31, lakini hawakuijua. Jina la kundi lililobandikwa kwa kukisia halina thamani, hata pale linapoangukia mahali pake, kwa sababu huwezi kujenga juu yake chochote. Ninaposema kundi hutuambia namba ni nini, nasemea kundi lenye uthibitisho nyuma yake.

Uthibitisho ulitoka kwa Euler, akiwa St. Petersburg, macho yamekwisha kumharibikia, katika barua iliyochapishwa mwaka 1772. Njia yake nitaieleza taratibu, kwa kuwa ndiyo moyo wa hoja yangu. Kuthibitisha kwamba namba yetu ni tasa kwa njia ya kawaida, unajaribu kuigawa kwa kila namba tasa mpaka kipeuo chake cha pili, ambacho ni 46,340 na kidogo. Namba tasa zilizopo humo ni karibu 4,800. Migawanyo 4,800 kwa mkono. Euler hakuanza kugawa. Aliuliza kwanza: kama namba hii ina kigawo tasa, kigawo hicho kitakuwa cha namna gani? Chukua namba tasa yoyote isiyo 2, kisha zidisha 2 kwa 2 tena na tena, na kila hatua shika baki la kugawanya kwa ile tasa. Mabaki hayo huzunguka na kuanza upya, na Fermat alikuwa amegundua kwamba idadi ya hatua za mzunguko lazima iwe kigawo cha namba hiyo tasa ukiitoa 1. Sasa, kitu kinachoigawa namba yetu lazima kirudi kwenye baki la 1 baada ya hatua 31. Na kwa kuwa 31 yenyewe ni tasa, mzunguko hauwezi kukatika katikati. Ni 31 kamili. Kwa hiyo kigawo chochote tasa, ukikitoa 1, kinagawanyika kwa 31. Na kwa kuwa kigawo hicho ni witiri, ukikitoa 1 kinagawanyika kwa 2 pia, yaani kwa 62.

Ijaribu kwenye mfano mdogo. Zidisha 2 kwa yenyewe mara 11, toa 1, unapata 2,047. Nayo ni 23 mara 89. Toa 1 katika 23, unapata 22, ambayo ni 11 mara 2. Toa 1 katika 89, unapata 88, ambayo ni 11 mara 8. Vigawo havikujificha popote pale. Vilikuwa na masharti. Kwa namba yetu Euler aliongeza sharti la pili, kwamba kigawo kikigawanywa kwa 8 kibakize 1 au 7. Masharti mawili yakiunganishwa, kigawo lazima kibakize 1 au 63 kinapogawanywa kwa 248. Chini ya 46,340 namba za aina hiyo hazifiki 400, na nyingi zinajiondoa zenyewe: 249 inagawanyika kwa 3, na 497 ni 7 mara 71. Ya kwanza inayostahili kujaribiwa ni 311. Gawanya 2,147,483,647 kwa 311: unapata 6,905,092, na baki 35. Haigawi. Euler akaendelea hivyo mpaka mwisho, na hakuna hata moja iliyogawa. Tazama kilichotokea hapo. Kujua namba ni ya umbo gani kulimpunguzia kazi kutoka maelfu hadi mamia, na kumpa hakika ambayo watangulizi wake hawakuwa nayo. Ukubwa wa namba ulimpa kitu kimoja tu, yaani mahali pa kuacha kugawa.

Kuna pingamizi ambalo nimelisikia mara nyingi na linastahili jibu la heshima. Mtu atasema: makundi haya mnayatunga wenyewe. Leo mnasema namba ni tasa, kesho mtasema jumla ya tarakimu zake ni 46, keshokutwa mtasema inasomeka sawa kutoka mbele na kutoka nyuma. Ukitafuta sana, kila namba utaipatia sifa ya ajabu. Ni kweli kwamba sifa zinaweza kutungwa bila kikomo. Lakini hazilingani, na kipimo cha kuzitenganisha kipo. Badilisha namna ya kuandika namba, uone sifa ipi inabaki. Sisi tunaandika kwa makumi, pengine kwa sababu ya vidole kumi. Kompyuta huandika kwa mawili. Namba yetu ikiandikwa kwa mawili ni 1 thelathini na moja zilizopangwa mstari mmoja: jumla ya tarakimu zake ni 31, si 46 tena, na sasa inasomeka sawa mbele na nyuma, jambo ambalo kwa makumi halipo. Sifa hizo zilikuwa za kalamu yetu. Lakini andika kwa makumi, andika kwa mawili, panga kokoto mchangani: kokoto 2,147,483,647 hazitapangika katika safu zilizo sawa kwa namna yoyote, ila ukizitandaza zote katika safu moja. Utasa ni wa namba yenyewe. Utimilifu vilevile, na upungufu, na uzidifu.

Anayenipinga anaweza kusukuma zaidi, na ana haki. Mbona shuleni tulifundishwa kujumlisha tarakimu ili kujua kama namba inagawanyika kwa 9? Hiyo si sifa ya tarakimu inayofaa kitu? Inafaa, na sababu yake inaunga mkono ninachosema. Njia ile inafanya kazi kwa kuwa 10 ikigawanywa kwa 9 hubakiza 1, na 100 hubakiza 1, na 1,000 hubakiza 1. Hivyo jumla ya tarakimu hubeba baki la namba nzima. Thamani yote imetoka kwenye mgawanyo, tarakimu zimeibeba tu. Na umbo la Mersenne, ingawa linaonekana kama jambo la kuandika kwa mawili, limesimama peke yake: ni 2 iliyozidishwa kwa yenyewe, ikatolewa 1, na Euklide alilitumia bila kuandika kwa mawili wala kuwa na kompyuta.

Pingamizi zito zaidi ni la faida. Mwaka 1811 Peter Barlow, mwanahisabati wa Uingereza, aliandika kuhusu namba timilifu ile ya tarakimu 19 niliyoitaja, inayotokana na namba yetu, akasema kwamba huenda haitapatikana kubwa zaidi kamwe, kwa sababu namba hizi zinavutia tu na hazina matumizi, basi nani atajisumbua? Hakuwa mjinga. Alikuwa anasema walichokiona wengi wa wakati wake. Lakini alikosea katika yote mawili, na kosa la pili ndilo linalonigusa, kwa sababu namba yetu, inayoizaa ile aliyoikatia tamaa, ndiyo iliyokuja kupata kazi.

Kazi hiyo ni hii. Anayetabiri mvua kwa kompyuta, anayechagua sampuli ya watu wa kuhoji, anayetengeneza mchezo wa simu, wote wanahitaji namba nasibu, na kompyuta haina namna ya kurusha shilingi. Mmarekani D. H. Lehmer alipendekeza njia rahisi: chagua kizidishi, zidisha namba uliyonayo, gawanya kwa namba moja kubwa uliyoiteua, shika baki, rudia. Mwaka 1969 njia hiyo ilichapishwa kwa ajili ya kompyuta za IBM, namba ya kugawia ikiwa 2,147,483,647 na kizidishi 16,807. Mwaka 1988 Stephen Park na Keith Miller wakaipendekeza kuwa kiwango cha chini ambacho kila mtu akifikie, na imo katika lugha ya C++ mpaka leo. Anza na 1: inayofuata ni 16,807, kisha 282,475,249, kisha 1,622,650,073, kisha 984,943,658. Zinaruka huku na huku. Swali la mtumiaji ni moja: zitarudi zilipoanzia baada ya hatua ngapi? Zikirudi mapema, utabiri wake unajirudia bila yeye kujua. Kwa kuwa namba ya kugawia ni tasa, mzunguko mrefu kuliko wote unaowezekana ni 2,147,483,646, jirani yetu wa chini, na kizidishi kizuri ni kile kinachoutembea wote bila kukatiza njia.

Utajuaje kwamba 16,807 hakikatizi? Hapo orodha ya vipande vya yule jirani inakuwa mali: 2, 3, 7, 11, 31, 151, 331. Inatosha kuhakikisha mzunguko haukatiki kwa kila kimoja cha hivyo saba, majaribio saba badala ya bilioni mbili. Namba 7 inafaulu majaribio hayo yote. Na 16,807 ni 7 ikizidishwa kwa yenyewe mara tano. Tano haimo katika orodha ya vipande, kwa hiyo mzunguko unabaki kamili. Mtu angechagua 343, yaani 7 ikizidishwa kwa yenyewe mara tatu, angepoteza theluthi mbili: mzunguko ungefungwa baada ya hatua 715,827,882, kwa sababu 3 imo. Hakuna ukubwa uliokuambia hivyo. Namba 343 na 16,807 zote ni ndogo mbele ya bilioni mbili. Kilichozitenganisha ni kuwepo kwa 3 na kutokuwepo kwa 5 ndani ya jirani. Niseme pia kwamba njia hii haifai kwa kazi za siri, kwa kuwa anayeijua hatua moja anaweza kuikokotoa inayofuata. Siri zina namba zake, na nazo zimesimama juu ya jambo lilelile la aina. Mwaka 1876 Édouard Lucas wa Ufaransa alionyesha kwamba ile ya 67 katika orodha ya Mersenne, yenye tarakimu 21, si tasa. Lakini hakuwa na kigawo chake hata kimoja. Vigawo vilitolewa mwaka 1903 na Frank Nelson Cole wa Marekani: 193,707,721 mara 761,838,257,287. Miaka 27 watu walijua inagawanyika bila kujua kwa namba zipi. Mwaka 1977 Rivest, Shamir na Adleman waliigeuza nafasi hiyo, kati ya kuijua aina ya namba na kuvijua vigawo vyake, kuwa kufuli la mawasiliano ambalo benki na intaneti zimelitumia tangu hapo.

Wengine wataniambia kwamba siku hizi kompyuta inajibu kwa nukta moja kama namba ni tasa, basi binadamu ana haja gani ya kujua makundi? Kwa namba yetu, sawa. Lakini uliza kompyuta inajibu kwa njia gani. Kwa namba za Mersenne inatumia kipimo cha Lucas kilichonyooshwa na Lehmer yuleyule: anza na 4, zidisha kwa yenyewe, toa 2, shika baki, rudia. Kwa 31, ambayo ni 2 ikizidishwa kwa yenyewe mara tano, toa 1, unapata 4, kisha 14, kisha 194 ambayo inabakiza 8, kisha 62 ambayo inabakiza sifuri. Sifuri ikitokea hatua iliyopangwa, namba ni tasa. Namba yetu ya bilioni mbili inahitaji hatua 29 za namna hiyo. Oktoba 2024 ilitangazwa tasa kubwa kuliko zote zinazojulikana: 2 ikizidishwa kwa yenyewe mara 136,279,841, kisha toa 1, namba yenye tarakimu 41,024,320. Kuijaribu kwa kugawa tu, kompyuta zote za dunia zikiungana, hazingemaliza. Iliwezekana kwa sababu ni ya umbo linalojulikana. Mashine imeongeza kasi, na njia imetoka kwenye nadharia ileile ambayo Barlow aliiona haina kazi.

Kuna la mwisho ambalo ningemkubalia mpinzani wangu bila kusita. Waliotengeneza kompyuta za biti 32 hawakuwa wanatafuta namba tasa. Walitaka 32 kwa kuwa nayo ni 2 zikizidishana, wakatoa biti moja ya alama, zikabaki 31, na 31 ikawa tasa. Ni bahati. Lakini ona kilichotokea bahati hiyo ilipokosekana. YouTube walihamia kwenye biti 64, na ukomo mpya ni 9,223,372,036,854,775,807, zaidi ya mara bilioni nne ya ule wa zamani. Sasa zinabaki biti 63, na 63 ni 7 mara 9, kwa hiyo namba hiyo lazima igawanyike kwa 127, na igawanyike kwa 511, na kweli inagawanyika. Inagawanyika hata kwa 7. Kama chombo cha kuhesabia watazamaji ni bora mno. Kama namba ya kugawia katika njia ya Lehmer haifai, wakati ile ndogo inafaa. Mwenye kupima kwa ukubwa angechagua vibaya.

Ndiyo maana nasikitika ninapoona mtoto anafundishwa namba tasa za chini ya 100, anazikariri kwa ajili ya mtihani, na somo linafungwa hapo, kana kwamba utasa ni tabia ya namba ndogo. Mwalimu unayenisikiliza, wiki hii wape wanafunzi wako 8,388,607. Ni ile ya 23, mojawapo ya tatu zilizomponyoka Cataldi. Usiwaambie kama ni tasa au si tasa. Waambie kwanza kanuni ya Fermat, kwamba kigawo chake chochote tasa, ukikitoa 1, kitagawanyika kwa 46, kisha waache waanze na kile kidogo kuliko vyote wanavyoweza kufikiria. Watafika kwenye 47 papo hapo, na 47 mara 178,481 ni 8,388,607.